Nimenunua Dell PowerEdge R730 ya mtumba Arusha: mashine naipa nne kati ya tano, duka naipa mbili

Niseme mapema mimi niko Moshi, nahudumia kompyuta za duka la dawa la jumla lenye stoo kuu huku Moshi na tawi dogo Arusha, kwa hiyo hii si rivyu ya mtu aliyefungua boksi akapiga picha akarudi kulala, hii mashine nimekaa nayo miezi tisa sasa na imeshanitoa jasho la kutosha.

Tulikuwa na kompyuta ya kawaida ya mezani, rami 8GB, hadidiski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika, juu yake MySQL 5.7, ile programu ya databesi inayotunza data zote, na programu ya mauzo aliyotuandikia dogo mmoja zamani. Ilikwenda vizuri miaka kama minne, halafu databesi ikafika 22GB ikaanza visa. Ikifika tarehe 30 mhasibu akivuta ripoti ya mwezi tu basi kaunta nzima inaganda, wateja wamepanga foleni na makaratasi yao ya oda, mzee mwenye duka anatoka ofisini anauliza "mama, kompyuta zako zimelala tena?" Ukishaulizwa hivyo mara tatu mbele ya wateja unakubali chochote. Akasema nunua seva. Nikasema sawa mzee. Sikupima kitu, na hilo nitalirudia huko chini kwa aibu yangu.

Nikapanda Coaster asubuhi, kilomita 80 na ushee hizo, nikashuka Arusha mvua inanyesha, nikaingia duka moja ghorofani maeneo ya karibu na Mnara wa Saa. Jina silitaji. Wana mitumba ya Ulaya, laptopu, monita, na nyuma kule seva zimepangwa kama magunia ya mahindi. Nilikuwa na dogo wa ofisini wa kunisaidia kubeba, basi yule muuzaji akawa anamweleza dogo maneno yote ya kitaalamu na mimi ananiuliza kama nitakunywa maji. Dogo mwenyewe ni mtu wa kupakia maboksi ya dripu. Nikamwambia "kaka, anayenunua ni mimi", ndo akageuka.

Alichonionyesha: R730, prosesa mbili za Xeon E5-2640 v4, kila moja kori 10 (vitengo vya kuchakata kazi), rami 64GB, diski nne za SAS 600GB za mzunguko elfu 10 kwa dakika, kontrola ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) aina ya PERC H730, pawa saplai mbili. Bei milioni nne na laki mbili, tukashushana mpaka tatu na laki nane, risiti ya EFD nilipewa nisiwe mnafiki, waranti mwezi mmoja "ya mdomo lakini sisi tupo hapa hapa dada". Muda wote anasifia kori. Kori ishirini dada, hii unaendesha hata benki. Na mimi nikatikisa kichwa kama mjinga mwingine yeyote maana kori ishirini zinasikika vizuri, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza hiki kidude kinaandikaje kwenye diski.

Mashine yenyewe kwanza. R730 ni toleo la 2014, kwa hiyo si kijana, ila kwa kazi za duka, hospitali ndogo, shule, saccos, bado ina nguvu kupita mahitaji. Chuma kimeshiba, kina uzito karibu kilo 30, tuliiweka kwenye Noah kama tunampeleka mgonjwa KCMC. Ukifungua mfuniko kila kitu kinachomoka bila bisibisi, feni, diski, pawa saplai, hata kwenye giza unaweza. Diski unachomoa huku inawaka. Pawa saplai mbili maana yake moja unachomeka kwenye yu-pi-es na nyingine kwenye laini ya jenereta, siku yu-pi-es ilipokufa mchana kweupe sisi hatukujua mpaka jioni, hapo ndo nilimsamehe mzee ile hela. Rami yake ni ECC ya rejista, inajisahihisha makosa madogo, ila ujue rami ya kompyuta ya kawaida haifanyi kazi humo, usije ukanunua ukadhani utaongeza kienyeji. Ina matundu 24 ya rami. Kitu ambacho muuzaji hakusema, na pengine hajui, ni kwamba kila prosesa ina njia nne za rami, kwa hiyo vijiti vinne vya 16GB kwa prosesa mbili vinatumia nusu tu ya njia. Ungekuwa na vijiti nane vya 8GB, 64GB ile ile, rami ingesoma kwa upana zaidi. Sikufa kwa hilo, ila ungekuwa unanunua leo omba vijiti nane.

Halafu ina iDRAC, ile kompyuta ndogo ndani ya seva inayokuwezesha kuiona mashine ukiwa mbali hata ikiwa imezimwa. Hapa kuna mtego, leseni ikiwa ni ya Express huoni skrini yake ukiwa mbali, hiyo mpaka Enterprise. Yangu ilikuja na Enterprise kwa bahati tu. Na jina la kuingilia na neno la siri la kiwandani la hizi mashine ni root na calvin, dunia nzima inayajua, sasa mtu ananunua mtumba anachomeka kwenye mtandao wa ofisi hajabadilisha, aisee.

Kelele ipo. Ikiwaka mara ya kwanza feni zinapiga kama ndege inapaa KIA, zikishatulia ni mvumo wa kawaida ila huwezi kukaa nayo chumba kimoja ukapokea simu. Joto la Moshi la mwezi wa pili unalijua, nikaweka stoo ya nyuma yenye dirisha la juu na kiyoyozi kidogo. Umeme nilipima, kwangu inakula kama wati 150 ikiwa imetulia, hiyo ni uniti kama 108 kwa mwezi, piga mwenyewe kwa luku yako.

Sasa kilichonitoa jasho.

Nikaweka Ubuntu, nikaweka MySQL 8.0, diski nne nikazifunga RAID 5 kwa sababu nilitaka nafasi kubwa, nikahamisha databesi jumapili, jumatatu saa mbili asubuhi tukafungua duka. Saa tatu simu ya kaunta, "dada programu nzito". Nzito kivipi na mashine ya kori ishirini? Nikaenda kuangalia. Ankara ya bidhaa 30 ilikuwa ikihifadhiwa kwa sekunde moja kwenye ile kompyuta ya zamani, hapa inachukua sekunde nne mpaka tano. Tumenunua seva ya karibu milioni nne imekuwa polepole kuliko kompyuta ya mezani. Mzee kanitazama tu. Hakusema kitu, bora angesema.

Nikafungua top inayoonyesha kazi za prosesa, prosesa zimelala, asilimia 96 hazina kazi. Hapo ndo ujue kori zako ishirini zinapiga soga. Nikafungua iostat -x 1 inayopima diski, diski iko bize asilimia 100 na kila uandishi unasubiri milisekunde kama ishirini. Kilichoandikwa chenyewe ni kidogo mno, hata megabaiti mbili kwa sekunde hazifiki. Yaani diski haikushindwa kubeba mzigo, ilikuwa inafanya safari nyingi za kubeba kijiko kimoja kimoja.

Nieleze kidogo maana hapa ndo pana utamu. Databesi ikimaliza muamala mmoja, ile kukomiti, inatakiwa ihakikishe maandishi yamefika kwenye diski kweli, inaita fsync na inasubiri jibu. MySQL 8.0 ikija na mipangilio yake ya kawaida inafanya hivyo angalau mara mbili kwa kila komiti, mara moja kwa logi ya InnoDB, injini inayohifadhi data ndani ya MySQL (innodb_flush_log_at_trx_commit ikiwa 1), na mara moja kwa binlogi, daftari la kila badiliko (sync_binlog ikiwa 1), na binlogi kwenye 8.0 inakuja imewashwa tayari, kwenye 5.7 ilikuwa imezimwa. Sasa ile programu ya dogo ilikuwa inakomiti kila mstari peke yake. Bidhaa moja ina mistari mitatu, mauzo, kupunguza stoku, na daftari la hesabu. Bidhaa 30 mara tatu ni komiti 90, mara fsync mbili ni 180, na diski ya mzunguko elfu 10 inahitaji milisekunde 6 kuzunguka duara moja tu, halafu juu yake RAID 5 ambayo kwa kila uandishi mdogo inasoma data ya zamani, inasoma pariti (data ya ziada ya kurudishia diski ikifa), inaandika data, inaandika pariti, safari nne kwa kazi moja. Jumlisha mwenyewe uone sekunde tano zinatoka wapi.

Na kompyuta ya zamani ilikuwa na haraka gani? Nikaenda kuangalia faili lake la mipangilio, kumbe ile innodb_flush_log_at_trx_commit dogo alikuwa ameiweka 2 badala ya 1, yaani databesi inaandika kwenye mfumo wa kompyuta na kusafisha kwenda diski kama mara moja kwa sekunde. Umeme ukikatika unaweza kupoteza mauzo ya sekunde nzima na programu ilishasema imehifadhi. Miaka minne tulikuwa tunakimbia na breki zimekatwa hatujui. Zile tofauti ndogo ndogo za stoku tulizokuwa tunamsingizia mtu wa stoo sasa hivi nikizikumbuka najisikia vibaya kidogo.

Lakini seva yenye kontrola kama H730 haipaswi kuteseka hivi. Hiyo kadi ina kache ya 1GB, kazi yake ni kupokea uandishi, kujibu "nimepokea" papo hapo, halafu kuupeleka kwenye diski kwa mpangilio wake. Inathubutu kujibu hivyo kwa sababu ina kibetri kinacholinda kilichomo kwenye kache umeme ukikatika. Hiyo ndo modi ya raiti-baki. Kibetri kikifa, kadi inaacha ujasiri, inarudi raiti-tru, kila uandishi lazima uguse diski ndo ijibu. Inafanya hivyo kimya kimya, taa ya mbele tu inageuka rangi na wengi wetu tunadhani ni pambo.

Nikaingia iDRAC, upande wa storeji, betri: imefeli. Nikaangalia logi ya mashine, taarifa ya betri ipo humo tangu kabla sijainunua. Si kwamba ilifia njiani kwenye Noah. Waliiuza wakiwa nayo hivyo, sijui kama waliangalia.

Nikampigia yule kaka. Namnukuu: "Dada hiyo betri ni ya saa tu, ukiweka muda vizuri haina shida." Nikamwambia hapana kaka, ya saa ni ile ya duara kama ya rimoti, mimi naongelea ya kadi ya RAID. Akasema ni ile ile. Nikamwambia si ile ile. Akasema ngoja amuulize fundi. Fundi akasema nizime seva niwashe. Siku ya nne nikapanda tena Coaster nikaenda na picha nimeprinti kwenye karatasi, nikakaa dukani kwao kwenye kiti cha plastiki toka saa nne mpaka saa nane, nimenunua hadi mahindi ya kuchoma nakula pale pale mlangoni, wateja wanaingia wananikuta. Akaja bosi wao, mtu mzima, mstaarabu, akasikiliza dakika tano akasema toa kwenye ile seva nyingine. Wakachomoa betri kwenye R730 nyingine iliyokuwa pale pale. Sasa sijui aliyenunua ile nyingine anasemaje huko aliko.

Mbili kati ya tano nimewapa kwa sababu ya bosi na kwa sababu ya risiti. Vinginevyo ingekuwa moja.

Katikati ya hizo siku, kwenye grupu letu la WhatsApp la mafundi kuna watu walinishauri nilazimishe raiti-baki hivyo hivyo bila betri. Inawezekana, kadi inakubali ukiiamuru. Nikaweka usiku mmoja, ikapaa, nikalala vibaya, alfajiri nikarudisha. Umeme wa mtaa wetu unaujua. Ukikatika na kache imejaa, hupotezi sekunde moja tu ya mauzo, unaweza kuamka na databesi ambayo haifunguki kabisa. Bora ile 2 ya dogo kuliko hii.

Betri mpya (mpya kwetu) ilipoingia nikatumia jumapili ile ile kuvunja RAID 5 nikafunga RAID 10 (kila diski ina pacha wake, hakuna pariti), nafasi ikashuka kutoka kama 1.8TB mpaka 1.2TB, na databesi ni 22GB, sasa ile nafasi nilikuwa naitunzia nani? Jaribio la fio, programu ya kupima diski, lenye fsync kila uandishi, kabla ya betri lilikuwa linanipa maandishi kama 60 kwa sekunde, baada yake yalikuwa maelfu. Ankara ya bidhaa 30 nikibonyeza hifadhi inatokea hapo hapo. Na nikamwomba dogo wa programu afunge mistari yote ya ankara moja kwenye muamala mmoja, komiti 90 zikawa moja. Alibadilisha mistari michache ya programu akanitumia kabla ya chakula cha mchana, mimi nimesafiri Arusha mara mbili.

Bafa puli pia, yaani sehemu ya rami ambayo MySQL inawekea data. MySQL inakuja na innodb_buffer_pool_size ya 128MB, wengi wananunua rami 64GB na databesi inatumia hiyo 128MB kama maskini aliyelala kwenye mlango wa ghala. Nikaweka 40GB, databesi yote ikaingia kwenye rami na nafasi ikabaki.

Haya ile aibu niliyoahidi. Baada ya yote haya ripoti ya mwezi ilikuwa bado inachukua dakika tatu. Nikawasha logi ya kweri (maombi ya data) za polepole (ujue inakuja na kipimo cha sekunde 10, shusha mpaka 1), nikakamata kweri yenyewe, nikaitazama kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha MySQL inavyotafuta data, ikasema ALL, inapitia tebo nzima ya mauzo. Dogo alikuwa ameandika WHERE DATE(tarehe_mauzo) BETWEEN hivi na hivi. Ukishafunika safu kwa kitendakazi kama hicho indeksi (orodha ya kutafutia haraka) ya kawaida ya tarehe haitumiki, na hata hivyo indeksi yenyewe haikuwepo. Nikaweka indeksi, nikabadilisha ikawa tarehe_mauzo kubwa au sawa na tarehe moja na ndogo kuliko tarehe moja ya mwezi unaofuata. Sekunde moja na nusu. Nikachukua bakapu nikairudisha kwenye kompyuta ile ya zamani ya 8GB kwa uchunguzi wangu tu, nikaweka indeksi ile ile. Sekunde nne.

Yaani ile foleni ya mwisho wa mwezi, ile iliyomfanya mzee atoe milioni tatu na laki nane, ilikuwa inatibika kwa mstari mmoja. Mzee sijamwambia. Nilimwambia tu seva imesaidia, na imesaidia, si uongo.

Replikesheni, yaani databesi kujinakili yenyewe kwenda mashine nyingine inayoitwa replika, nayo niigusie maana wengi wanaonunua seva hizi wanataka tawi liwe na nakala. Ile kompyuta ya zamani niliipeleka tawi la Arusha, nikaitia SSD ya bei chee, ikawa replika, wao wanasoma ripoti pale bila kusumbua Moshi. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya pili kila asubuhi tawi linaona stoku ya jana. SHOW REPLICA STATUS inaonyesha Seconds_Behind_Source elfu kumi na nane, saa tano hizo. Wa kwanza kulaumiwa akawa mtandao, kama kawaida, nikamfokea na kijana wa watu wa intaneti bure. Mtandao ulikuwa mzima, logi zote zilikuwa zimeshafika Arusha, kazi ilikuwa imekwama kwenye kuzitekeleza.

Kila usiku saa saba kuna kazi inasasisha tebo ya historia ya stoku, mistari laki sita hivi kwa mpigo. Moshi inachukua sekunde arobaini. Ile tebo haikuwa na praimari kii (namba ya kipekee ya kila mstari) wala indeksi yoyote. Binlogi inasafirisha mabadiliko mstari kwa mstari, inamwambia replika "tafuta mstari wenye thamani hizi ubadilishe uwe hivi", na replika bila praimari kii haina namba ya nyumba ya kuendea, inapekua mtaa mzima, inarudi inapokea kifurushi kingine inapekua mtaa mzima tena. Masta, yaani Moshi, alipita mara moja tu, replika anapita mara elfu. Nikaongeza safu ya id yenye praimari kii, usiku uliofuata ikamaliza kwa dakika mbili. Ukitaka kujikinga washa sql_require_primary_key, mtu akijaribu kuunda tebo isiyo na kii MySQL inamkatalia hapo hapo.

Na ile namba ya Seconds_Behind_Source usiiamini ikiwa sifuri. Inapima umbali kati ya kinachotekelezwa na kilichokwishafika, sasa kama mtandao ndo mbovu na logi hazijafika, yenyewe inakwambia sifuri kwa furaha kabisa. Mimi nina tebo ndogo Moshi inaandika saa ya sasa kila dakika, Arusha naangalia tu ile saa imefika ngapi.

SSD ya bei chee nayo nilijuta. Hizi za kompyuta za nyumbani hazina kapasita ya kulinda data umeme ukikatika, kwa hiyo kila fsync inabidi zisubiri kweli, na kwa databesi ya kukomiti komiti unashangaa SSD inapitwa na diski za kuzunguka zenye kadi nzuri. Tafuta mtumba wa SSD za seva, mfululizo kama Intel DC S3500 au S3700, zina kapasita. Angalia kwa programu ya smartctl imebaki maisha kiasi gani kwanza.

Replika si bakapu, hili najua kila mtu analisema ila mimi limenikuta. Mwezi wa kumi na moja kijana wa bei alifuta orodha ya bei bila WHERE, yaani bila kutaja mistari ipi, Arusha ikafutika kabla hajamaliza kusema "dada naomba uje". Mysqldump ya usiku, yaani bakapu ya faili, ndo iliyotuokoa. Siku hizi nina replika ya pili ndani ya Moshi hapa hapa nimeichelewesha makusudi saa moja kwa SOURCE_DELAY.

Kwa hiyo ukienda kununua R730 au nyingine ya rika lake, mashine nzuri chukua, ila usilipe mpaka iwashwe mbele yako. Bonyeza F2 ikiwaka, ingia kwenye mipangilio ya vifaa, tafuta kontrola ya RAID, soma hali ya betri kwa macho yako. Soma logi ya mashine. Uliza iDRAC ni leseni gani na kama neno la siri la mwenyewe wa zamani limefutwa. Chomoa pawa saplai moja inavyowaka uone kama inabaki hai. Muuzaji akinung'unika mwambie unasubiri, nunua mahindi.

Wiki iliyopita yule kaka wa dukani kanipigia, nikadhani ananiuzia kitu. "Dada habari za Moshi, kuna mteja wetu Kijenge analalamika seva yake nzito, alinunua kwetu, ungepita kumwangalia tutakupa chochote." Nikamuuliza ni mashine gani. R730. Nikamuuliza betri yake inasemaje. Kimya kidogo, halafu akaniuliza, "ya saa au ya kadi?"